Kakuona NP, bili ina jina la daktari usiyemjua: ni wizi au ndo utaratibu?

Miezi miwili iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp, hili la Waswahili wa huku Minnesota, kuna mama alituma voisi ya dakika nne amefura kweli kweli. Yuko kwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee huku Marekani, alienda kliniki kwa ajili ya presha yake, akaonwa na dada mmoja mpole, kamsikiliza vizuri, kampandishia dozi, kadi ya shingoni imeandikwa NP, yaani nesi wa ngazi ya juu anaeruhusiwa kutibu. Halafu anafungua akaunti yake ya Medicare anakuta jina la daktari mwanaume ambae hajawahi kumuona hata kwa mbali. "Wanalipana hela kwa mgongo wangu," ndo maneno yake. Basi grupu likawaka. Mmoja akasema huo ni wizi mtupu akaripoti, mwingine akasema nesi analipwa nusu ya daktari kwa hiyo mama arudishiwe chake, na kaka mmoja anaefanya kazi nyumba ya wazee (kwa hiyo anajiona profesa wa mambo ya bima) akasema Medicare hailipi kabisa ukionwa na NP. Wote watatu walishika kaukweli kadogo wakakazungushia makosa.

Mi kazi yangu ndo hiyo, nakaa kwenye kompyuta kutwa nzima natuma madai kwa bima, wenyewe tunaita klemu. Na hili swali naulizwa kanisani, naulizwa kwenye harusi, naulizwa hata msibani, kwa hiyo leo naliandika mara moja liishe.

Tuanze na nani ni nani. Kwetu ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, habari imeisha. Ukienda kituo cha afya Tanzania anaekuona mara nyingi ni afisa tabibu, Kenya ni klinikal ofisa, sote tunamwita daktari na anaitika. Marekani nao wana watu wa namna hiyo, ila huku kila mmoja ana jina lake, na hilo jina ndo linabeba bei. NP, nesi prakitishona, ni nesi aliyerudi shule akasoma masters au zaidi, akapewa ruhusa ya kupima, kusema una ugonjwa gani na kuandika dawa. Wengi humu tunawajua, ni dada zetu walioanza kwa kuhudumia wazee, wakapanda unesi, wakapanda tena. PA, fizishani asistenti, yeye sio lazima apitie unesi, anasoma udaktari wa kukatiwa njia ya mkato, wengi kama miezi 27, digrii ya pili. Tangu 2021 chama chao kimeanza kuita hiyo A ya mwisho "asosieti" badala ya "asistenti", na ukiwauliza watakwambia neno msaidizi limewachosha, wagonjwa wanadhani ni mwanafunzi au ni yule anaewapima uzito. Sio. PA akikuandikia dawa ya kisukari imeandikwa.

Sasa hapa kuna kitu watu hawakijui na ndo mzizi wa fujo yote. NP na PA wote wamezaliwa mwaka 1965. Programu ya kwanza ya NP ilianzishwa Chuo Kikuu cha Colorado na nesi Loretta Ford pamoja na daktari Henry Silver, na ya PA ilianzia Duke kule North Carolina, daktari Eugene Stead akachukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba kwenye jeshi la majini akaanza nao. Sababu ilikuwa moja, madaktari hawatoshi. Na mwaka huohuo 1965, mwezi wa saba, Rais Lyndon Johnson akasaini sheria ya Medicare, bima ya serikali ya wazee kuanzia miaka 65. Sheria ikaandikwa kwa ajili ya dunia ya daktari na hospitali. Kwa hiyo NP na PA ni kama watoto waliozaliwa sahani zimeshagawanywa, ikabidi wale kwenye sahani ya daktari. Na kula kwenye sahani ya mwenzio kuna masharti yake, ndo tunayahangaikia mpaka leo.

Kabla ya masharti kwanza uelewe klemu ni nini. Kila mtoa huduma Marekani ana namba yake ya tarakimu 10, inaitwa NPI, hata mimi naota hizo namba. Ukishatoka kliniki, mtu kama mimi anajaza fomu kwenye kompyuta: mgonjwa fulani, ugonjwa fulani, huduma fulani (nayo ina namba, kwa mfano kuonana na mgonjwa ambae sio mgeni mara nyingi ni 99213 au 99214), na kuna kisanduku cha NPI ya aliyetoa huduma. Bima inalipa kwa kuangalia kile kisanduku. Haina kamera chumbani. Yaani karatasi ya bima unayotumiwa baadae haikwambii nani alikushika mkono kukupima presha, inakwambia namba ya nani iliandikwa pale. Hivyo viwili mara nyingi ni kitu kimoja, na mara nyingine sio.

Haya, bei. Bunge lao lilipitisha sheria ya bajeti mwaka 1997, na kuanzia tarehe 1 Januari 1998 Medicare ikakubali NP atume klemu kwa namba yake mwenyewe popote anapofanyia kazi, lakini alipwe asilimia 85 ya kile ambacho daktari angelipwa kwa kazi ileile. PA nae 85, ila hela yake ilikuwa lazima iende kwa mwajiri, mpaka 2022 ndo karuhusiwa kulipwa moja kwa moja. Sio nusu, ni 85. Na sio kwamba mtu alikaa akapima ujuzi akaona huyu anajua robo tatu na ushee ya daktari, hapana, ni mapatano ya kisiasa. Ushahidi huu hapa: nesi mkunga aliyesajiliwa analipwa na Medicare asilimia 100 sawa na daktari, tangu 2011, kwa sababu sheria ya afya ya Obama ilisema hivyo. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanaotoa ushauri wa akili wako kwenye 75. Kila mtu na bahati yake bungeni.

Sasa tuweke hela mezani. Tuseme kwa huduma fulani Medicare imepanga daktari alipwe dola 100, na wewe ule mzigo wa mwanzo wa mwaka unaolipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, didaktibo, umeshaumaliza. Akiandikwa daktari, Medicare inatoa 80, wewe 20. Akiandikwa NP kwa namba yake, bei yote inashuka mpaka 85, Medicare inatoa 68, wewe 17. Kwa hiyo yule aliyesema nesi analipwa nusu alikuwa sahihi kwamba bei inashuka, ila inashuka kidogo, na anaepoteza zaidi hapo ni kliniki. Dola 15 kwa kila mgonjwa, wagonjwa 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, piga hesabu mwenyewe uone kwa nini wenye kliniki wanapenda sana jina la daktari likae kwenye kile kisanduku.

Na wale wanaoogopa kwamba watatumiwa bili ya ile 15 iliyokatwa, hapana. NP na PA kwa Medicare wanalazimika kukubali bei ya Medicare kama ilivyo, hawaruhusiwi kukudai kilichobaki. Ukiona bili ya namna hiyo usiilipe kwanza, uliza.

Jina la daktari linaingiaje sasa? Kuna njia halali, inaitwa insidenti-tu, na mi kila nikilisema hili neno mbele ya Waswahili wanacheka maana linasikika kama "ajali tu". Maana yake ni huduma iliyofuata kutokana na kazi ya daktari. Ilikuwepo toka mwanzo wa Medicare, ilitengenezwa kwa ajili ya vitu kama nesi kukuchoma sindano ambayo daktari ameshaiamua, basi inalipwa kama sehemu ya kazi ya daktari. Baadae NP na PA nao wakapitishwa kwenye dirisha hilohilo, na hapo malipo ni 100, sio 85.

Chukulia umepeleka kitambaa kwa fundi cherehani mwenye jina mtaani. Yeye mwenyewe kakupima, kachora, kakata, halafu kushona kamwachia kijana wake huku yeye yupo palepale kibarazani na kahawa yake. Gauni likiisha unalipa bei ya fundi mkuu na hulalamiki, maana vipimo na mkato ni vyake na akiona uzi unakwenda upande yupo wa kurekebisha. Sasa siku nyingine fundi mkuu yuko msibani Tanga, wewe umekuja na kitambaa kipya, kijana kakupima, kakata, kashona mwanzo mwisho. Hapo kukulipisha bei ya fundi mkuu ni kukuibia hata kama gauni limekukaa kama umezaliwa nalo. (Ma-NP wa humu msinirushie mawe, mfano ni wa bei, sio wa ujuzi, na kuna vijana wanashona kuliko mafundi wao na mtaa mzima unajua.)

Insidenti-tu ndo hivyohivyo. Ziara ya kwanza kwa huo ugonjwa lazima alikuona daktari akapanga matibabu. NP au PA anaendeleza ule mpango. Daktari anatakiwa aendelee kushiriki kwenye matibabu yako, sio alikuona mara moja 2019 akapotea. Siku hiyo unayoonwa lazima kuwe na daktari anaesimamia ndani ya ofisi, sio lazima aingie chumbani kwako, ila awepo, na tangu kipindi cha corona wameruhusu kwa huduma nyingi awepo kwa video ya mubashara, simu ya sauti peke yake haitoshi. Na ni kliniki, sio hospitali. Mgonjwa mgeni? Haiwezekani. Mgonjwa wa zamani kaja na tatizo jipya ambalo daktari hajaliona? Haiwezekani, hiyo inakwenda kwa namba ya NP, 85, yaishe.

Na hapa pana kitu kinachowachanganya hata watu wa ofisini kwetu. Jina linaloandikwa kwenye klemu sio la daktari aliyekuanzishia dawa, ni la daktari aliyekuwa anasimamia siku hiyo. Kama kliniki ina madaktari watatu, ukaanzishwa na Daktari wa kwanza, siku ya kurudi yeye yuko likizo na aliyepo ofisini ni wa pili, jina litakuwa la wa pili, mtu ambae wewe humjui kabisa. Na ni halali. Kwa hiyo kuona jina geni peke yake haitoshi kusema umeibiwa, hilo ndo nilimwambia yule mama kwanza kabla hajaenda kupiga simu kote.

Wizi upo lakini, tusidanganyane. Unajua mara nyingi unaanzaje? Sio kwa majambazi, unaanza kwa uvivu na haraka. Kliniki imeajiri NP mpya, kumsajili kwenye kila bima inachukua miezi, na mshahara wake unatoka kila wiki mbili. Meneja anasema "mtumeni kwa jina la daktari kwanza mpaka usajili uishe". Mwezi wa kwanza, wa pili, inakuwa mazoea. Wagonjwa wapya wanaingia humo, matatizo mapya yanaingia humo, siku ambazo daktari yuko kwenye mashua ziwani zinaingia humo. Serikali ikija kukagua inatumia sheria ya madai ya uongo, sheria ya mwaka 1863 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara walipokuwa wanaliuzia jeshi vitu feki, na inaruhusu kudai mpaka mara tatu ya hasara pamoja na faini juu. Makliniki yamelipa hela nyingi sana kwa hili. Mwaka 2019 ile tume inayoishauri Bunge mambo ya Medicare ilipendekeza insidenti-tu ifutwe kabisa kwa NP na PA, kila mtu atume kwa jina lake, maana serikali yenyewe haijui kazi ngapi zinafanywa na nani. Mi naunga mkono kwa mikono miwili ingawa bosi wangu asisome hapa. Bunge halijaigusa.

Hospitalini ni habari nyingine. Kule hakuna insidenti-tu, kuna kinaitwa ziara ya kugawana: NP au PA kakuona asubuhi, daktari wa kundi lilelile kapita mchana, mkutano mmoja klemu moja. Linaandikwa jina la aliyefanya sehemu kubwa, na tangu 2024 sehemu kubwa maana yake ni aliyetumia zaidi ya nusu ya muda, au aliyebeba uamuzi wenyewe wa kitabibu. Daktari kuchungulia mlangoni akasema "how are you, sir" akaondoka, hiyo haihesabiki. Kwenye upasuaji nako utakuta PA aliyemsaidia mpasuaji ana mstari wake kwenye bili, watu wanashtuka wanadhani wametozwa mara mbili. Msaidizi ambae ni daktari analipwa asilimia 16 ya ada ya mpasuaji, PA anapata 85 ya hiyo 16, yaani 13.6. Ndogo, lakini halali.

Yote hayo ni Medicare. Wengi wetu tuko na bima za kazini, na huko kila kampuni ina katiba yake. Nyingine zinalipa NP 85, nyingine zinalipa sawa na daktari, nyingine zilikuwa hazisajili NP kabisa na zenyewe ndo zinasema mtume kwa jina la daktari, nyingine zimepiga marufuku hiyo hiyo. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inategemea jimbo. Kwa hiyo shemeji yako wa Texas akikwambia "kwetu hawafanyi hivyo" inawezekana kabisa mko sahihi wote wawili. Na kama bima yako ina kopei, yaani kiasi kisichobadilika unacholipa mwenyewe, tuseme dola 30 kila ukienda kliniki, basi ni 30, akikuona daktari 30, akikuona PA 30, hakuna cha kurudishiwa. Bei ya chini inainufaisha kampuni ya bima. Wewe utaiona tofauti tu kama bado unalipa didaktibo au unalipa kwa asilimia.

Hatari ya kweli kwa wa bima za kazini ni nyingine: kliniki iko kwenye mtandao wa bima yako (yaani orodha ya waliokubaliana nayo bei), daktari yumo, ila yule NP mpya bado hajaingizwa. Unatibiwa, inakuja bili ya nje ya mtandao. Kama ilitokea ndani ya hospitali iliyomo kwenye mtandao, kuna sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, inafanya kazi tangu Januari 2022, inakulinda mara nyingi. Kwenye kliniki ya kawaida ulinzi ni mwembamba, kwa hiyo wakati wa kupanga miadi uliza jina la atakaekuona na uulize kama yeye, sio kliniki, yumo kwenye bima yako. Inachukua dakika mbili.

Na samahani nitoke nje kidogo, watu mnapigana na NP wakati hela inatokea mlango mwingine. Kama kliniki imenunuliwa na hospitali, kuna ada ya jengo inaweza kuongezwa juu ya ada ya aliyekuona, na mara nyingi hiyo ndo inakuumiza kuliko tofauti ya 85 na 100. Angalia bili yako kama ina mistari miwili kwa ziara moja.

Kuangalia kwenyewe ni hivi. Ile karatasi ya bima ya mwanzo imeandikwa juu kwamba hii sio bili, usiilipe, isome. Tafuta tarehe, jina la mtoa huduma, kiasi kilichokubaliwa, fungu lako. Halafu piga simu kliniki, omba watu wa bili, waulize: hii ziara imetumwa kwa namba ya nani, na kwa nini. Usianze na neno wizi, ukianza nalo wanakupeleka kwa msimamizi na unasubiri kwenye muziki nusu saa. Kingereza kikikupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili, hospitali na kliniki zinazopokea hela ya serikali kuu zinatakiwa wakupe bila malipo. Wakikuzungusha na uko kwenye Medicare, piga 1-800-MEDICARE.

Yule mama alipiga. Ilivyokuja kueleweka, presha yake kweli ilianzishwa na daktari wa palepale mwaka jana, mwanamke, na yule mwanaume ndo alikuwa msimamizi wa siku hiyo. Mpaka hapo kliniki iko safi. Ila kwenye ile voisi ya dakika nne, dakika ya tatu hivi, alisema na goti lilianza kumuuma wakaliangalia pia, na goti hakuna daktari aliyewahi kuliona. Tatizo jipya. Nikamwambia mama, rudi uwaambie habari ya goti. Wakakagua faili, wakakubali, klemu ikarekebishwa ikaenda kwa namba ya NP. Bei iliyokubaliwa ilishuka kutoka dola 120 mpaka 102, fungu lake kutoka 24 mpaka 20 na senti 40. Amerudishiwa dola 3 na senti 60, cheki imekuja kwa posta. Hajaenda kuibadilisha, kaipiga picha kaiweka kwenye grupu, na yule kaka wa nyumba ya wazee mpaka sasa hajaandika kitu.